Salamu za Mke wa Nyumba

Kwanza nilisikia kugonga. Tu, tu, kimya kidogo, tu. Nilikuwa bado ghorofa ya pili, kwenye ngazi zisizo na taa, na ile sauti ilishuka ndani ya ukuta ikaingia kwenye kiganja nilichoshikia reli. Nilidhani mtu anatengeneza kitanda. Nilipofika ghorofa ya nne nikajua inatoka nyuma ya mlango ule ule niliokuwa nikiuendea. Nikasimama mbele yake nikahesabu mapigo mpaka hesabu ikanipotea. Nikabisha hodi, na kugonga kukakoma.

Mwanamke aliyefungua alikuwa ameshika nyundo nene ya mti. Nyuma yake, juu ya gogo lililolazwa sakafuni, kulikuwa na kitambaa cha buluu kilichokunjwa. Alikuwa akikipiga ili king'ae. Alikuwa mke wa baba yangu. Mama yangu yeye aliishi mitaa mitatu kutoka pale, hukohuko eneo la Point, kwenye chumba ambacho baba alitupangia tulipofika Durban kutoka Lubumbashi mwaka 2008. Wanawake hao wawili walikuwa wamekaa miaka sita bila kusalimiana. Wakionana Jumamosi upande wa soko, mmoja alikuwa anavuka barabara.

Baba alikuwa Myoruba. Alizunguka na vitambaa vyake kutoka Nigeria hadi Kongo, kutoka Kongo hadi Afrika Kusini, na mwisho akafungua duka la lesi mjini Durban. Kwetu alikuja Jumapili. Alizungumza nami Kiingereza, na kidogo Kiswahili cha kuuzia nguo. Kiyoruba chake alikitumia kwenye simu tu, akiwa amegeukia dirisha, na mimi nilikisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Sikumwomba anifundishe. Nilidhani muda upo.

Alikufa mwaka 2014, Jumanne mchana, mimi nikiwa kwenye foleni nanunua maziwa. Nilipokea simu, nikalipa maziwa, nikayapeleka nyumbani, nikayaweka kwenye friji. Sikulia siku hiyo, wala siku ya mazishi. Watu walinishika mabega wakaniambia jikaze, na mimi nikaona aibu kwa sababu hapakuwa na chochote cha kukaza.

Kilichokuwepo ni riwaya. Nilikuwa naandika kitabu changu cha kwanza, kwa Kiswahili, na kila Alhamisi nilikisoma mbele ya wenzangu wachache waliokutana juu ya mkahawa mmoja mjini, washairi na wachoraji, watu wa kupenda sana na kubishana sana. Wote walikuwa na neno moja mdomoni: asili. Rudi kwenye asili yako, waliniambia. Wewe nusu yako ni Myoruba, iko wapi kwenye kitabu? Katikati ya riwaya niliacha ukurasa mtupu. Hapo nilitaka kuweka oriki ya baba, yaani zile sifa za ukoo ambazo kila nyumba ya Kiyoruba inazo, zinazosema watu hawa ni nani, walitoka wapi, walifanya nini. Niliamini kwamba nikizipata, nitajua mimi ni wa nani. Niliamini pia, ingawa hili sikumwambia mtu, kwamba nikizipata nitalia.

Basi nikatafuta kwenye mtandao. Nilipata sauti ya mwanamke mmoja akighani sifa za ukoo, dakika nne, na kwa sababu mji uliotajwa chini yake ulikuwa karibu na mji wa baba, nikaamini ndizo. Nilizisikiliza kwa vipokea sauti wiki tano, neno kwa neno, pasipo kuelewa. Nikazisema kwenye kundi la Alhamisi. Mchoraji mmoja alifuta machozi. Walipiga makofi mpaka wahudumu wakapanda ngazi kuangalia kuna nini.

Siku ya arobaini ya baba, Wayoruba wa Durban walikodi ukumbi karibu na bandari. Kulikuwa na wali mwekundu, kuku, wanawake wenye vilemba vikubwa vilivyosimama kama matanga. Mama hakuja. Mimi nilienda, na wakati wa watu kusema maneno nikainuka, nikafumba macho, nikazisema zile dakika nne zote. Ukumbi ulinyamaza. Kimya kile nilikifurahia. Nilifikiri ni heshima.

Nilipofumbua macho mzee mmoja wa mji wa baba alikuwa amesimama karibu yangu. Akanishika kiwiko, akanipeleka pembeni penye masufuria.

"Binti yangu," akasema, "umesema vizuri mno. Hata mimi sisemi hivyo."

"Asante, Baba."

"Ila hao uliowasifu si watu wa baba yako. Hao ni watu wa vita. Baba yako ni wa wahunzi." Akatazama chini. "Umemchukua marehemu, umempeleka nyumba ya watu wengine. Mbele ya watu."

Nilisubiri aibu inipande usoni. Nilihisi tu baridi ya sufuria tupu niliyokuwa nimeiegemea. Nikamwomba basi anifundishe zile za wahunzi. Akacheka.

"Sisi wanaume tunazisikia tu, tunavimba vichwa. Wanaozijua ni wake wa nyumba. Mwanamke akiolewa kwetu anajifunza sifa za ukoo alikoolewa, ndizo anazowaamkia nazo watoto wa nyumba ile asubuhi. Na hapa Durban aliyeolewa nyumbani kwa baba yako ni mmoja tu." Akaelekeza kidevu kwenye kiti cha mbele. Kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka kabla sijamaliza.

Ndiyo sababu nilipanda zile ngazi.

Mlangoni nilipiga magoti, kama nilivyosoma kwamba wasichana wa Kiyoruba huwasalimia wakubwa. Mke wa baba alinitazama kutoka juu, nyundo bado mkononi.

"Umeangusha kitu?"

"Nakusalimia, Mama."

"Kwa magoti yote mawili hivyo, kama ng'ombe? Simama." Tulikuwa tunazungumza Kiingereza, maana ndiyo lugha tuliyokuwa nayo wote, lakini alipotaka kunichoma alitumia Kiswahili alichokipata kwa wateja wa Kikongo dukani. "Iko nini? Umekuja kumutafutia baba yako ukoo wa tatu?"

Nikamweleza. Kitabu, ukurasa, kosa la ukumbini. Nilieleza vizuri, kwa sababu kueleza ndiyo kazi yangu. Alisikiliza akiwa amesimama kwenye uwazi wa mlango, hakusogea hata kidogo kunipisha.

"Nyinyi waandishi," akasema. "Mtu akiwa hai mnamwangalia. Akifa mnakuja na kalamu." Akafikiri kidogo. "Unajua kukoroga uji?"

"Najua."

"Jumamosi njoo na unga wa muhogo. Ule wa Wakongo wa soko la Warwick. Wa dukani umejaa vumbi."

Nyumbani nilimkuta mama amerudi kutoka saluni, miguu ndani ya beseni. Alifanya kazi ya kusuka, na jioni vidole vyake vilibaki vimekunjwa kama bado vimeshika nywele.

"Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia.

"Kwa ile mama? We mutoto! Unaenda kuomba kule nini? Chumvi?"

"Maneno tu, Mama."

"Maneno." Alitoa mguu mmoja kwenye maji, akaukausha taratibu. "Baba yako aliniambia anaenda kwao kuzika mama yake. Akarudi na bibi. Hayo ndiyo maneno yenye mimi nilipewa." Kwetu Lubumbashi bibi ni mke, na mama alilitamka neno hilo bila hasira, kama mtu anayetaja ukubwa wa kiatu. Hakunikataza.

Jumamosi ya kwanza niliharibu kazi. Mke wa baba alikuwa akitengeneza zile nguo zao za nili: unachora kwa uji mzito wa muhogo uliotiwa shabu, kwa kutumia unyoya wa kuku, uji unakauka, unatumbukiza kitambaa kwenye rangi, na pale penye uji rangi haiingii, panabaki peupe. Nilipika uji, ukawa laini, akachora nusu ya kitambaa. Ulipokauka ukapasuka kila mahali. Akachukua mfuko wa unga, akautia kidole, akalamba.

"Hii ina mahindi."

Ilikuwa na mahindi. Nilikuwa nimenunua kwa wauzaji wa kwetu unga tunaopenda kwa kula, muhogo uliochanganywa na mahindi ili sima isikaze. Sikufikiri hata kidogo.

"Nimekutuma unga wa rangi, umeniletea chakula cha jioni," akasema. "Nyinyi Wakongo mtakula mpaka nguo." Kisha akacheka, na kicheko chake kilikuwa kifupi, kama kimetoroka. Kile kitambaa hakukitupa. Tulikitia rangi hivyohivyo, rangi ikaingia kwenye nyufa zote, akakitazama muda mrefu, akakianika.

Nilienda Jumamosi nyingi. Nilijifunza kupika uji usiwe na madonge, kushika unyoya ukiwa umelala, kutovuta pumzi kwenye kona ya mstari. Alikuwa na michoro ya ndege, ya sega, ya vitu vilivyofanana na vibao vya kuandikia, na mimi nilitaka kujua maana ya kila kimoja. Nilikuwa na daftari mapajani.

"Hii ni nini, Mama?"

"Ni mstari."

"Maana yake?"

"Maana yake usiuvunje."

Nikaliweka daftari chini. Kwenye kibaraza chake chungu cha rangi kilinuka vibaya mpaka jirani wa chini akaandika barua. Vidole vyangu viligeuka buluu, havikutoka hata kwa sabuni ya unga, na kwenye kundi la Alhamisi watu wakavishangaa, wakaniambia sasa nimefika. Nilivitazama vidole hivyo nikiandika. Vilikuwa kama vya mtu niliyemwajiri.

Habari za zile sifa hakusema. Siku moja, mvua imetufungia ndani, nikamwuliza moja kwa moja. Hakuinua macho.

"Sifa hazisemwi hewani. Zinasemwa kwa mtu, na mtu ana mahali pake ndani ya nyumba. Mahali pako ni wapi?"

"Mimi ni mtoto wake."

"Hilo naliona kwenye paji la uso. Nauliza mahali." Akaweka unyoya kwenye kibakuli. "Sikiliza. Mwanamke akiolewa kwetu, umri wake unaanza siku ile anayoingia mlangoni. Mtoto wa nyumba aliyezaliwa nyuma yangu ni mdogo wangu. Namwita kwa jina, namtuma dukani, nikitaka namsifu, nisipotaka basi. Lakini aliyezaliwa kabla sijaingia, huyo ni mkubwa wangu. Simtamki jina, nampa la utani. Namwita mume wangu. Asubuhi nampigia magoti na kumsomea sifa za nyumba yake, nipende nisipende."

"Hata msichana?"

"Hata msichana, hata awe wa kunyonya. Nyumbani kwetu iko mmoja alikuwa anatambaa siku niliyoolewa, anajikojolea. Leo ni fundi cherehani, hajui hata kupima mkono wa shati. Nikimwona napiga magoti. 'Mume wangu, umeamkaje?' Na yeye ananitazama hivi." Akafumba jicho moja, akainua pua. Nilicheka. Yeye pia. Kisha akashika unyoya tena.

"Wewe ulizaliwa nyuma yangu. Yeye mwenyewe aliniambia. Aliponioa hakuwa na mtoto wala mwanamke, alikuwa peke yake huko Kongo, anajipikia. Mambo ya mama yako yalikuja baadaye, akiwa amechoka na safari. Nilimsamehe kwa sababu yalikuja baadaye. Kwa hiyo sidaiwi salamu na wewe. Koroga huo uji, unaganda."

Ukutani, juu ya televisheni, kulikuwa na picha ya arusi yao. Nilikuwa nimeiona kila Jumamosi. Siku ile nilisoma maandishi madogo ya dhahabu yaliyopigwa kwenye kona yake: mwezi wa kumi na mbili, na mwaka. Mwaka huo ndio niliozaliwa. Mimi nilizaliwa mwezi wa kwanza.

Nilikoroga uji. Mkono ulizunguka vizuri, hakuna donge hata moja.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Najua nilichokuwa nikikifikiri njiani, kwa sababu nilikiandika jioni ile: kwamba sasa nina ufunguo. Kadi yangu ya kliniki ilikuwa kwa mama, yenye tarehe, yenye sahihi ya baba. Kadi ile ingenipa ukurasa wangu. Ingemnyang'anya mke wa baba kitu alichokaa nacho miaka yote, kwamba aliolewa na mtu asiye na mwingine, na kwamba alichosamehe kilikuwa kidogo kuliko kilivyokuwa. Nililiona hilo waziwazi. Halikuniuma. Nimejaribu tangu hapo kukumbuka kama liliniuma hata mahali padogo, na sikumbuki.

Mama alinisikiliza akikata sombe, yale majani yetu ya muhogo. Alipoelewa ninachoomba, kisu kikasimama.

"Aliniomba nisiseme," akasema. "Baba yako. Alisema yule mama akijua atapata haya kwa watu ya kwao. Mimi nikanyamaza. Hata tukipishana naye sokoni, nanyamaza. Nilikuwa mbele yake, na nikavuka barabara."

"Kwa nini ulikubali?"

"Alikuwa analipa masomo yako." Aliinuka, akatoa kadi ndani ya Biblia, imefungwa kwa plastiki. "Sasa amekufa, nani atanikataza? Peleka. Lakini usirudi hapa unalia."

"Silii, Mama."

"Najua. Ndiyo yenye inaniogopesha."

Jumamosi iliyofuata nilisubiri amalize mstari. Nikaiweka kadi mezani, mbali na uji. Mke wa baba alifuta mikono kwenye khanga aliyojifunga kiunoni, akaivuta kadi kwa ncha ya kidole. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa, lakini tarehe haihitaji lugha. Aliitazama tarehe mara moja. Sahihi ya baba ndiyo aliyoitazama muda mrefu. Aliifuata kwa kidole tangu herufi ya kwanza, ile yenye mkia mrefu, mpaka nukta ya mwisho, kama anavyofuata mstari wa unyoya.

"Aliniambia alikuwa anajipikia," akasema.

Kidole chake kilibaki kwenye nukta ile.

"Alinieleza hata sufuria. Alisema iko moja, ya bati, haina mfuniko. Nilimhurumia kwa sababu ya mfuniko." Akanirudishia kadi. "Nenda nyumbani."

"Mama, mimi sikutaka..."

"Ulitaka. Nenda."

Alichukua unyoya, akaanza mstari mwingine kabla sijafika mlangoni. Niliona ukivunjika katikati. Hakuurekebisha.

Nilimpigia simu wiki ile na iliyofuata. Haikupokelewa. Nilipanda ngazi mara mbili, nikabisha, hakuna aliyefungua, ingawa harufu ya nili ilikuwa mbichi. Kisha ikaja Aprili ya 2015, na maduka ya wageni mjini yakaanza kuvunjwa. Saluni ya mama ilishusha mlango wa chuma. Warwick, wauzaji wa kwetu walikunja meza zao. Mimi na mama tulikaa ndani siku kumi na mbili, tukila wali na sombe, tukisikia watu wakipita barabarani wakiimba, na baada ya nyimbo ving'ora. Mama aliomba kwa sauti. Mimi niliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Wenzangu wa Alhamisi walinitumia ujumbe: andika, hii ndiyo saa ya kuandika. Nikaufungua ule ukurasa mtupu kwenye kompyuta, nikaukodolea macho, nikaufunga.

Nikasikia kwa yule mzee wa ukumbini kwamba mke wa baba ameuza bidhaa zilizobaki na anarudi kwao. Hakujua siku.

Ilikuwa asubuhi ya Mei, saa moja hivi, mama anachemsha chai. Mlango ulibishwa mara tatu. Wiki zile tulikuwa hatufungui bila kuuliza.

"Nani?" mama akauliza.

"Mke wa nyumba."

Mama alinitazama. Akatoa komeo.

Alikuwa amevaa nguo ya safari, ya buluu tupu, na kilemba alichokifunga mwenyewe kwa haraka; upande mmoja ulikuwa umelegea. Aliinamisha kichwa kidogo kumwelekea mama. Wanawake wale wawili walitazamana kwa mara ya kwanza bila barabara katikati. Mama alikuwa bado ameshika kijiko.

"Mama," mke wa baba akasema, kwa Kiswahili chake cha dukani, "samahani ya asubuhi. Nikifika kwao wataniuliza. Watasema, iko mutoto mukubwa kule, ulimusalimia? Mimi siwezi kuwadanganya watu ya nyumba. Wameshadanganywa ya kutosha."

"Mutoto ni huyu," mama akasema, akasogea.

Nilikuwa nimekaa kitandani, kwenye gauni la kulalia, makombo ya mkate mapajani. Mke wa baba aliingia katikati ya chumba, akaweka mkoba chini. Akashuka. Kwanza goti la kulia, akishika kona ya meza kwa sababu goti lilikuwa linamuuma, kisha la kushoto, mpaka uso wake ukawa chini ya wangu. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyenizidi kwa kila hesabu isipokuwa moja.

"Mume wangu," akasema kwa Kiingereza, "umeamkaje?"

Akaanza.

Sikujua sauti yake ina kina kile. Haikuwa wimbo, haikuwa maneno ya kawaida; ilienda mbio, ikapanda, ikasimama ghafla, ikaanza tena chini kabisa. Nilitambua neno la chuma, neno la moto, jina la mji. Yaliyobaki yalinipita. Simu ilikuwa karibu na goti langu. Nilifikiri: bonyeza, rekodi, huu ndio ukurasa wako. Mkono haukwenda. Nilifikiri: sasa utalia. Nikangoja. Niliona kwamba kilemba chake kina uzi mweupe umetoka. Niliona mama amefunika mdomo kwa mkono wenye kijiko. Makombo ya mkate yalikuwa yakinichoma mapajani, na sikuthubutu kuyapangusa mbele ya babu zangu wote waliokuwa wakitajwa. Ningependa kuandika kwamba niliwaona. Nilisikia sauti ya mwanamke aliyepiga magoti, na nilikuwa nimekaa.

Alipomaliza alibaki chini, akihema.

"Uliza," akasema. "Moja."

Nilikuwa na maswali ya daftari zima. Nikauliza lililokuwa karibu. "Pale katikati, uliposhusha sauti. Inasema nini?"

"Ah, pale." Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kadi. "Si sifa tupu, unajua. Kila nyumba inasifiwa na aibu yake. Pale inasema: watu wa chuma, wakiwa kwenye moto wa kufulia chuma wanasema kweli, wakiwa safarini wanasema wanajipikia."

"Mstari huo ni wa zamani, au umeuongeza wewe?"

"Mke wa nyumba ana haki ya kuongeza," akasema. "Atakayekuja baada yangu atausema hivyohivyo. Wajukuu zenu watavimba vichwa." Akanipa hapo jina la utani, kama inavyompasa. Ni jina la mzaha na la mapenzi kidogo, na silitaji.

Akashika tena meza ainuke. Mama aliweka kijiko chini, akamshika mkono wa upande wa pili, akamvuta. Walisimama hivyo, mikono imeshikana, muda wa kutosha wote wawili kuona aibu.

"Kunywa chai," mama akasema. "Iko tayari."

"Taksi inanisubiri pale kwenye taa za robot, Mama. Itaniacha."

"Kidogo tu."

"Hapana. Asante." Akamtazama mama kutoka kichwani hadi miguuni, akapima, kama anavyopima kitambaa. "Ulikuwa mbele yangu," akasema. "Ungesema. Ningekupigia magoti wewe pia, miaka yote hii, ungechoka."

Mama akacheka, ghafla, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta uso kwa mkono. Mke wa baba alikuwa ameshachukua mkoba. Hakuniaga, alikuwa amekwisha kunisalimia. Alitoka, visigino vyake vikaanza kushuka ngazi, na mama, ambaye hakupenda baridi ya asubuhi iingie chumbani, akaufunga mlango.